UCHAMBUZI: Mvinyo wa boksi si aibu, aibu ni kununua bila kusoma

DESEMBA inapobisha hodi, jua likiwa limekaza na shule zikiwa zimefungwa, Wakenya wengi huwa na hesabu moja vichwani mwao: hesabu ya wageni. Kuna jamaa waliorejea kutoka majuu, kuna wakwe wanaokuja kuleta mahari, kuna vijana wanaohitimu vyuo, na kuna majirani ambao hawakualikwa lakini hawawezi kufukuzwa. Wote hawa hutarajia kula, na baadhi yao hutarajia kunywa. Mwenyeji hutabasamu mlangoni, ilhali moyoni anaiona Januari ikimnyooshea kidole, karo mkono mmoja na kodi ya nyumba mkono wa pili.

Nilihudhuria sherehe ya mahari ya aina hiyo katika eneo la Mlima Kenya. Nilipoingia jikoni kuomba maji ya kunywa, nilimkuta mwenye boma, ambaye tumefahamiana tangu ujana wetu, ameinama juu ya ndoo akiujaza mvinyo kutoka kwenye boksi hadi chupa tupu zilizooshwa. Aliponiona alishtuka kama mtoto aliyefumaniwa akilamba sukari.

“Ndugu yangu, nisitiri,” akanong’ona. “Wakwe wakiliona boksi watasema nimewadharau.”

Nilimsitiri. Chupa zilipelekwa meza ya mbele, wazee wakaonja, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja wao akasifu mvinyo “wa chupa” akisema una heshima ambayo ule wa boksi hauwezi kuwa nayo. Mwenye boma alinitazama kwa pembe ya jicho. Nilitazama paa.

Kisa hicho kinachekesha, lakini ndani yake mna jambo linalostahili kujadiliwa kwa uzito. Kwa muda mrefu tumeupima mvinyo kwa chombo kinachoubeba badala ya kuupima kwa kilichomo. Matokeo ni kwamba anayenunua chupa hujiona salama hata kama hajui alichonunua, na anayenunua boksi huona haya kiasi kwamba hataki hata kulitazama maandishi yake. Makala haya yanashikilia kwamba boksi ni chaguo la busara kwa mwenyeji mwenye mfuko mdogo, ila kwa sharti moja: alisome kabla ya kulilipia. Asiyesoma atatimiziwa methali ya wahenga kwamba rahisi huvunja upishi.

Wapo wasomaji wengi ambao dini au hiari yao haiwaruhusu kugusa kileo. Hao nao wana hisa katika mjadala huu. Ndio wanaoketi katika gari linaloendeshwa na aliyetoka karamuni, na ndio wanaolipia matibabu ya jamaa aliyeuziwa sumu.

Kilichoanza kama kibeba asidi

Boksi la mvinyo halikubuniwa kwa ajili ya maskini, wala halikubuniwa kwa ajili ya mvinyo. Mnamo 1955, Mmarekani William Scholle alibuni mfuko wa plastiki uliowekwa ndani ya kisanduku ili kusafirisha asidi ya betri bila kumwagika. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1965, Thomas Angove, mtengenezaji wa mvinyo katika mji wa Renmark, Australia Kusini, alisajili hataza ya kutumia wazo hilo kwa mvinyo. Boksi lake la kwanza lilikuwa na usumbufu: mnunuzi alilazimika kuukata mfuko pembeni, kumimina, kisha kuufunga tena kwa kibanio. Mnamo 1967, kampuni ya Penfolds ya Australia ilitoa mfuko wenye kibomba kisichopitisha hewa, na tangu hapo umbo tunalolijua leo likazaliwa.

Siri yote imo katika kibomba hicho na ule mfuko. Adui mkuu wa mvinyo uliofunguliwa ni hewa. Chupa ikipungua, nafasi iliyoachwa hujazwa na hewa, na baada ya siku chache mvinyo huanza kupoteza harufu yake na kuelekea kuwa siki. Mfuko ulio ndani ya boksi hausubiri hewa. Kila unapomimina, wenyewe hunywea na kushikana na kilichobaki. Ndiyo sababu mvinyo wa boksi lililofunguliwa unaweza kudumu wiki nne hadi sita ukihifadhiwa mahali pa baridi, wakati chupa iliyofunguliwa haivuki siku chache.

Aidha, boksi ni jepesi. Chupa moja tupu ya mililita 750 huweza kuwa na uzito wa karibu nusu kilo. Chupa nne, ambazo hubeba lita tatu tu za mvinyo, zina takriban kilo mbili za kioo ambazo mnunuzi hulipia kutengenezwa, kusafirishwa baharini na kupakuliwa bandarini Mombasa, kisha huzitupa. Boksi la lita tatu huondoa sehemu kubwa ya gharama hiyo. Kwa hivyo, unafuu wa bei hautokani lazima na uduni wa zabibu. Nchini Uswidi, ambako pato la wastani la raia linalizidi letu kwa mbali, zaidi ya nusu ya mvinyo unaouzwa na maduka ya serikali huwa katika maboksi. Hakuna anayewaita Waswidi wachoyo.

Tarehe kwanza, jina baadaye

Hata hivyo, boksi lina udhaifu ambao chupa haina, na hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Plastiki ya mfuko, hata ikiwa imara namna gani, hupitisha hewa kidogo kidogo. Mvinyo wa chupa njema waweza kukaa miaka. Mvinyo wa boksi ambalo halijafunguliwa unafaa kunywewa katika kipindi cha miezi sita hadi mwaka mmoja tangu ulipofungashwa. Hauzeeki kwa heshima. Unazeeka kama mkate.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mnunuzi lisiwe “ni wa kampuni gani?” bali “ulifungashwa lini?” Tarehe hupigwa mhuri juu, pembeni au chini ya boksi, mara nyingi kwa maandishi madogo yaliyofifia. Ligeuze boksi uitafute. Tarehe ya mwisho wa matumizi ikiwa imekaribia mno, liache. Ikiwa hakuna tarehe kabisa, liache kwa haraka zaidi.

Joto nalo huongeza kasi ya uharibifu huo. Mara moja nilinunua boksi la mvinyo mweupe katika duka ambalo rafu yake ilitazamana na dirisha lililopigwa na jua la alasiri. Bei ilikuwa imepunguzwa, nami nikajipongeza kwa ujanja. Wageni walipoonja, mmoja aliniuliza kwa adabu iwapo ule ulikuwa mvinyo au juisi ya tufaha iliyosahauliwa. Rangi ilikuwa imegeuka kuwa ya kahawia na harufu ya matunda ilikuwa imekwisha. Tarehe ilikuwa bado haijapita, lakini jua lilikuwa limeitangulia. Katika miji yenye joto kama Mombasa, Malindi, Kisumu na Garissa, mnunuzi anafaa kuchukua boksi la ndani ya rafu au lililo ghalani, si lile la maonyesho dirishani.

Hesabu ya lita

Baada ya tarehe ndipo ije bei, na bei ya boksi haisomwi kwa jumla. Inasomwa kwa lita. Boksi la lita tatu ni sawa na chupa nne za kawaida. La lita tano ni sawa na chupa sita na theluthi mbili. Tuseme chupa moja inauzwa Sh1,000. Hiyo ni takriban Sh1,333 kwa lita. Boksi la lita tatu likiuzwa Sh3,000, kila lita ni Sh1,000. La lita tano likiuzwa Sh4,500, kila lita ni Sh900. Hesabu hii huchukua nusu dakika kwenye simu, na mara nyingine huonyesha kwamba chupa iliyopunguzwa bei ni nafuu kuliko boksi lililo jirani yake. Hakuna sheria ya maumbile inayosema boksi lazima liwe rahisi.

Isitoshe, unafuu ni wa anayetumia chote. Mwenyeji mwenye wageni sita anayenunua lita tano kwa kuvutiwa na bei ya lita, kisha akaliacha boksi lililofunguliwa kabatini hadi Pasaka, hajaokoa kitu. Ameilipa nafasi ya kabati.

Ushuru umebadilisha mchezo

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawajaling’amua. Kabla ya mwisho wa 2024, ushuru wa bidhaa kwa mvinyo nchini ulitozwa kwa lita bila kujali ukali: Sh243.43 kwa kila lita. Sheria ya Marekebisho ya Ushuru iliyoanza kutumika Desemba 27, 2024, iliuweka ushuru huo kwenye kileo chenyewe, yaani Sh22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi.

Maana yake ni nini kwa anayesimama mbele ya rafu? Lita moja ya mvinyo wenye kileo cha asilimia 12 ina sentilita 12 za kileo halisi, hivyo ushuru wake ni Sh270. Mvinyo wa asilimia 14 hulipiwa Sh315. Ule mwepesi wa asilimia 8 hulipiwa Sh180 pekee. Kwa mfumo wa awali wote watatu wangelipa Sh243.43. Kwa maneno mengine, sheria iliupunguzia mzigo mvinyo mwepesi na kuuongezea ule mkali. Mwenyeji anayetafuta nafuu sasa ana sababu mbili za kutazama asilimia iliyoandikwa kwenye boksi: mfuko wake na vichwa vya wageni wake.

Hesabu hiyo hiyo ni silaha dhidi ya matapeli. Boksi la lita tano lenye mvinyo wa asilimia 12 lina sentilita 60 za kileo, na ushuru wake wa bidhaa kwa viwango hivyo ni Sh1,350. Ukijumlisha VAT ya asilimia 16 juu ya kiasi hicho, unapata Sh1,566. Hapo bado hujamlipa mkulima wa zabibu, mwenye meli, mwenye lori, mwenye duka wala aliyetengeneza kibomba. Kwa hivyo, yeyote anayekuuzia boksi la aina hiyo kwa Sh1,500 anakwambia, bila kufungua kinywa, kwamba ama ushuru haukulipwa au kilichomo si kilichoandikwa. Kwa boksi la lita tatu la ukali huo, mpaka ni takriban Sh940. Bei ikishuka chini ya ushuru, usiulize punguzo limetoka wapi. Ondoka.

Sheria hiyo pia ina kasoro ambayo wabunge wanafaa kuitazama upya. Wakati mvinyo na bia zilipowekewa Sh22.50 kwa sentilita, pombe kali ziliwekewa Sh10. Chupa ndogo ya mililita 250 ya pombe kali yenye kileo cha asilimia 40 ina sentilita kumi za kileo, na hulipa Sh100. Kiasi hicho hicho cha kileo kikiwa ndani ya mvinyo hulipa Sh225. Serikali inaposema inataka raia wapunguze ulevi, kisha ikatoza kileo kikali chini ya nusu ya kinachotozwa kileo chepesi, inakuwa kama mzazi anayemkataza mtoto peremende huku akimkabidhi mtungi wa asali.

Muhuri, kibomba na uhai

Suala la uhalali si la mapato ya serikali pekee. Mnamo Februari 2024, watu 17 walifariki katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, baada ya kunywa pombe yenye sumu. Miaka kumi kabla ya hapo, Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Kitui na Kiambu, kwa pombe iliyochanganywa na methanoli. Waliokufa hawakuwa wakitafuta kifo. Walikuwa wakitafuta bei nafuu.

Boksi halisi lina kinga fulani dhidi ya wanaojaza upya vyombo vilivyotumika. Tundu la kibomba huwa limezibwa na karatasi ya boksi lenyewe yenye mstari wa vitobo, na kibomba chenyewe huwa na kizuizi cha plastiki kinachovunjwa mara ya kwanza tu. Vyote viwili viwe vizima. Kuwe na stempu ya ushuru ya KRA, ambayo mnunuzi anaweza kuikagua kwa simu kupitia programu ya Soma Label. Kuwe pia na alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS. Stempu iliyobanduka nusu au iliyobandikwa kwa gundi ya mkono ni sababu tosha ya kurudisha boksi rafuni.

Ni hapa ambapo nilimlaumu kimoyomoyo yule mwenye boma wa Mlima Kenya. Alipouhamisha mvinyo kutoka boksi lililo na stempu hadi chupa zilizookotwa, aliwanyima wageni wake uwezo wa kujua walichokuwa wakinywa. Boksi mezani, lenye jina, tarehe na asilimia, ni heshima kubwa kwa mkwe kuliko chupa isiyo na ukweli.

Wa kuchagua ni upi?

Sehemu kubwa ya maboksi yanayouzwa humu nchini hutoka Afrika Kusini, yakiwemo majina yaliyozoeleka kama Cellar Cask, Drostdy-Hof na 4th Street. Huko, zabibu inayopandwa kwa wingi zaidi ni Chenin Blanc, ambayo hutoa mvinyo mweupe mwepesi wenye uchachu wa kuburudisha. Kwa karamu ya mchana wa jua, na hasa yenye samaki, kuku au pilau, mweupe wa zabibu hiyo uliopozwa vyema ni chaguo lisilomtupa mwenyeji.

Kwa nyama choma na kachumbari, wengi hukimbilia mwekundu. Wazo si baya, lakini mwekundu mkavu wenye ukakasi mwingi hugombana na pilipili na ndimu. Ulimi hubaki ukiwaka. Chagua mwekundu laini. Wageni wasiozoea mvinyo mara nyingi hupendelea ulio mtamu kiasi, na mwenyeji mwema huwapa wageni wanachopenda, si anachotaka waonekane wakipenda.

Usidanganyike na ushauri kwamba mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumba. Ushauri huo ulizaliwa katika nyumba za baridi za Ulaya, ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 au 18. Chumba cha Mombasa mwezi Januari kina nyuzi 30, na mvinyo wa joto hilo hunuka kileo kitupu. Uweke mwekundu kwenye friji kwa nusu saa, na mweupe kwa saa tatu au zaidi, kwani lita tano hazipoi haraka kama chupa. Pasipo friji, toa mfuko ndani ya boksi, uzamishe katika beseni la maji na barafu, kisha uurudishe. Hilo ni jambo ambalo chupa haiwezi kujivunia.

Kipimo kilichopotea

Sasa tufike kwenye hatari kubwa ya boksi, ambayo haimo katika mvinyo bali katika umbo. Chupa hujisimulia. Ikifika nusu, kila mtu mezani anaona. Boksi halisemi kitu. Kibomba hufunguliwa mara kumi, na boksi bado linaonekana kama lilivyokuja kutoka dukani. Mgeni huulizwa amekunywa kiasi gani, naye hujibu “kidogo tu” kwa moyo mweupe, kwa kuwa hakuna ushahidi.

Bilauri ya mvinyo ya kawaida ni mililita 150, hivyo boksi la lita tano lina bilauri 33 na la lita tatu lina 20. Lakini bilauri zetu nyingi za nyumbani huchukua mililita 250. Bilauri moja kama hiyo ya mvinyo wa asilimia 12 ina sentilita tatu za kileo. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 4.2 ina sentilita 2.1. Kwa hivyo, mgeni aliyejimiminia bilauri mbili tu amekunywa karibu sawa na chupa tatu za bia, kisha anaomba funguo za gari.

Mwenyeji mwenye wageni 40, nusu yao wakiwa wanywaji wa mvinyo, akiwapa bilauri mbili mbili za mililita 150, anahitaji lita sita: maboksi mawili ya lita tatu. Amteue mtu mmoja wa kumimina, na boksi likae pembeni yake, si katikati ya meza ambapo kila mkono ni mfalme. Awepo pia na maji ya kutosha, na juisi nzuri ya maembe au ukwaju kwa wasiokunywa, wasionekane kama wageni wa daraja la pili. Tusisahau pia kwamba mnamo Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha kileo kisicho na madhara kwa afya. Unafuu wa lita usiwe hoja ya kuongeza lita.

Je, kuondoa supamaketini kutasaidia?

Mjadala huu ulipata uzito mpya Julai 2025, pale serikali ilipozindua sera ya kitaifa kuhusu vileo na mihadarati. Sera hiyo ilipendekeza umri wa kunywa uongezwe kutoka miaka 18 hadi 21, na vileo visiuzwe katika supamaketi, mitandaoni wala kwa kupelekwa nyumbani. Kelele zilipozidi, NACADA ilieleza kwamba hayo yalikuwa mapendekezo ya sera, si sheria.

Wanaounga mkono wana hoja. Mtoto anayetumwa maziwa hafai kupita katikati ya maboksi ya mvinyo yaliyopambwa kwa picha za matunda, akidhani ni sharubati. Hoja hiyo isipuuzwe.

Hata hivyo, supamaketi ndiyo mahali pekee ambapo mnunuzi wa kawaida anaweza kushika boksi, kuligeuza, kusoma tarehe, kulinganisha asilimia na kupiga hesabu ya lita bila kuharakishwa. Pia ndipo anapopata risiti. Ukimwondoa hapo, hakomi kunywa. Anaelekezwa kwenye kidirisha chenye vyuma, ambako bidhaa hupitishwa kwa mkono mmoja na pesa kupokewa kwa mwingine, na ambako anayeomba kusoma tarehe huambiwa awapishe wenzake foleni.

Afrika Kusini ina funzo hapa. Kwa miaka mingi mvinyo duni uliuzwa humo ukiwa katika mifuko mitupu ya rangi ya fedha, isiyo na boksi, iliyojulikana kama papsak. Mifuko hiyo ilihusishwa na ulevi uliokithiri miongoni mwa vibarua wa mashamba ya Rasi ya Magharibi, eneo ambalo vizazi vya wafanyakazi viliwahi kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Mnamo 2007, serikali iliipiga marufuku mifuko hiyo. Haikupiga marufuku mvinyo, wala boksi. Kenya yenyewe ilifanya jambo linalofanana na hilo kupitia Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, iliyokataza kuuza vileo katika vifuko vidogo vya plastiki.

Funzo ni kwamba sheria bora hulenga kinachodhuru. Yatengwe maeneo maalumu ndani ya supamaketi, yenye mhudumu anayekagua vitambulisho. Tarehe ya kufungashwa iandikwe mbele ya boksi kwa herufi kubwa, sambamba na idadi ya vipimo vilivyomo, na kwa Kiswahili, lugha ya taifa. Kikiwa ni kitu cha kuingia mwilini, mnunuzi wa Gikomba ana haki ya kukielewa sawa na mnunuzi wa Westlands.

Wakati tukisubiri hayo, kila mwenyeji anaweza kujitungia sheria yake: tarehe, asilimia, stempu, bei ya lita, na bilauri yenye kipimo. Mambo matano, hayazidi vidole vya mkono mmoja.

Nilikutana tena na yule mwenye boma miezi michache baadaye, katika hafla nyingine. Safari hii boksi lilikuwa mezani, wazi, na mpwa wake wa kike alikuwa ameketi kando yake akimimina kwa kipimo. Nilimuuliza kama wakwe wamesemaje.

“Mmoja aliligeuza, akasoma tarehe,” akanijibu. “Kisha akaniuliza nimelinunua wapi, naye akanunue.”